Turubai la Mama Pindo

Mgeni rasmi, Mhandisi Mkuu wa Mji; viongozi wa kampuni ya ujenzi; majirani, na wateja mliotukumbuka leo:

MAKARIBISHO

Karibu sana. Tumeona ulivyoinama kupita chini ya bomba la mlangoni, na koti lako likapakaa chokaa. Utuwie radhi. Hata wateja wetu huingia hivyo, wale wachache wanaoingia.

TULIKOTOKA

Sisi ni fundi cherehani, kinyozi, muuza miwani, mchora vibao na mama wa duka la vitabu. Milango yetu imeitazama barabara tangu enzi za wazazi wetu. Jengo lilipoanza kuongezwa ghorofa, jukwaa la mabomba na mbao lilisimamishwa mbele yetu, likavikwa wavu. Tuliambiwa ni la muda. Wavu umeshachanika, jukwaa bado lipo.

Hatulichukii, mgeni rasmi. Tofali lilipoponyoka, ni wavu huo uliolidaka, na chini yake alikuwa kinyozi wetu na mteja wake. Wanaopanda kule juu nao ni watoto wa watu. Ila kitu cha kulinda watu si lazima kiwatishe.

TULIYOJARIBU

Mchora vibao aliyapaka mabomba rangi ya samawati, vumbi likayameza. Muuza miwani alifunga taa, ikapasuliwa na ubao. Ndipo alipojitolea fundi wetu wa nguo, tunayemwita Mama Pindo kwa kuwa pindo lake halifumuki.

"Jamani, kibaya si hufunikwa?" alisema.

Akaunganisha vitambaa vyeupe, akavipinda kwa mkono, tukavitundika mbele ya mabomba mithili ya turubai. Alivuka barabara kwenda kulitazama, akacheka kwa furaha. Sisi nasi tukajiona tumepata.

YALIYOTUFIKA

Turubai jeupe mbele ya milango yenye giza, mgeni rasmi, watu wanajua maana yake. Wapita njia walianza kupunguza sauti. Wengine walisimama wakatuambia, "Poleni sana." Nasi, kwa kudhani wanatupa pole ya vumbi, tukawaitikia, "Asanteni, tumeshapoa."

Siku hizo Mama Pindo alikuwa kitandani kwa homa, duka lake limefungwa. Mtaa ukajumlisha wenyewe.

Alipopona akafungua, na mtu hakuja. Alifagia palipokwisha kufagiwa, akapiga pasi kitambaa kilekile, akakaa na mkasi mapajani. Alidhani mkono wake umeharibika na wateja wamemwonea haya kumwambia. Wazo hilo lilimuumiza kuliko homa.

Mpaka siku alipoingia mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka yote, aliyekuja kuwauliza wafiwa kuhusu suruali yake. Alipomwona alishika fremu ya mlango.

"Fundi! Si tuliambiwa umetutoka?"

"Nitoke wapi, mwalimu, na mlango wenyewe hauonekani?"

Tulicheka wote. Kisha mwalimu akatueleza kwamba wateja wa fundi walimlilia kwa dhati, halafu wakatafuta fundi mwingine. Mama Pindo hakucheka tena. Turubai tulilishusha jioni hiyohiyo, lakini habari ya kifo haishuki na kitambaa. Kodi imemshinda, na mwenye nyumba ameshamwambia aachie chumba cha duka mwisho wa mwezi huu.

TUNACHOOMBA

Hatuombi jukwaa libomolewe kabla ya kazi kwisha. Tunaomba lipewe uso. Mabomba yaondolewe milangoni, pawe na njia iliyoezekwa ambayo mtu atapita bila kuinama, yenye taa. Wavu uliochanika ubadilishwe. Na upande wa barabarani ziwekwe mbao safi, ili mchora vibao wetu aandike kwa herufi kubwa nani yuko nyuma yake. Brashi ameshailoweka. Tunakusihi yafanyike kabla ya mwezi kwisha, maana baada ya hapo jina moja halitahitajika kuandikwa.

HITIMISHO

Huenda unajiuliza kwa nini tumemchagua msomaji mwenye sauti ndogo hivi, na kinyozi yupo na mdomo wake wote. Mgeni rasmi, anayekusomea ni Mama Pindo mwenyewe. Tumemsimamisha mbele ya watu ili aonekane.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akurudishe kwako salama, na akujalie kupita tena hapa ukiwa umenyoosha mgongo.

Ni sisi,
Wafanyabiashara wa Chini ya Jukwaa.
Tupo wote.