Mtawala wa Mama Pindo

Hebu jaribu kuuona uchochoro mwembamba unaotokea barabara kuu. Upande mmoja kuna kinyozi, na pua na pua naye chumba cha fundi cherehani. Mbele yao kuna benchi refu la mbao, na kando yake kahawa inachemka juu ya jiko la mkaa. Ni asubuhi, na waliopo wamezoeana kiasi kwamba mmoja akipaliwa mwenzake humpiga mgongoni bila hata kumtazama. Yupo Breki, dereva mstaafu wa lori, aliyepewa jina hilo kwa kuwa ulimi wake hauna hicho kitu. Yupo Wembe, kinyozi. Muuza kahawa anaitwa Hakimu, maana ubishi ukikolea yeye ndiye hukata kauli, awe ameuelewa au hajauelewa. Na katikati yao, miwani puani na karatasi mapajani, yupo Mama Pindo, fundi cherehani.

Mama Pindo alikuwa ameandika riwaya. Ilihusu nchi ya kubuni, miaka mingi ijayo, ambako watu wamesahau namna ya kusema hapana. Mchapishaji aliipenda yote isipokuwa mtawala wake. Alikuwa ameirudisha mara ya pili, akasema hakutakuwa na ya tatu: kesho mtawala atishe, au kitabu kibaki kwa mwenyewe.

— Kwani mchapishaji kasema nini hasa? aliuliza Wembe.

— Kasema mtawala wangu hatishi. Alipofika pale anapocheka, alimwonea huruma.

— Huruma! Na yule mamba anayemfuga bafuni?

— Mamba naye alimwonea huruma. Eti anakaa peke yake.

Breki alifikicha mikono kama mtu aliyewekewa sahani mbele yake.

— Dada, hilo dogo. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi mtawala wako mfanye fundi wa mifupa! Anavunja mwenyewe, anaunga mwenyewe. Watu watamkimbia?

— Watakimbiaje na miguu imevunjika? alisema Wembe.

— Ndiyo maana yangu hiyo!

— Breki, wewe ulikuwa unapita tu shuleni, huingii. Sikiliza, Mama Pindo. Mtawala apige marufuku vioo. Nchi nzima hakuna kioo. Mtu akitaka kujua sura yake, aende ofisini akaambiwe.

Mama Pindo aliinua kichwa. Hilo lilikuwa na mwanga kidogo.

— Aambiwe na nani?

— Na kinyozi mkuu wa serikali.

— Nilijua tu, alisema, akarudisha macho kwenye karatasi.

— Barabara! Breki alidakia. Barabara zote zielekee ikulu. Kwenda unakwenda vizuri, kurudi nyumbani unarudi kinyumenyume. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapo?

— Anakula samaki wabichi, huyo mtawala. Andika, dada.

— Siandiki.

— Paka akiondoka panya hutawala, alisema Hakimu akimimina kahawa. Kwa hiyo awe mdogo. Mdogo kabisa. Anatembezwa mfukoni mwa waziri, anatoa amri kwa kung'ata.

— Akimezwa na paka?

— Paka kashaondoka, Wembe. Husikilizi.

Wakaendelea hivyo. Mtawala akaota meno ya chuma, kisha akauza usiku kwa nchi jirani, watu wakawa wanalala kwa zamu mchana. Mwishowe Breki akampa mikono mitano, mmoja wa kupigia simu tu. Mama Pindo alicheka mpaka miwani ikamteremka. Lakini kila alipomaliza kucheka aliiona kesho inasogea. Walikuwa wamempa mtawala kila kitu, na kila walipomwongezea, alizidi kuwa kichekesho.

Hapo akaja mama mmoja fundi rangi, ndoo mkono huu, brashi mkono huu, suruali imerukiwa na madoa meupe. Alikuwa amepewa kazi ya kupaka ukuta wa ng'ambo. Akasalimia, akaagiza kikombe, akakisogelea kichwa cha benchi, upande usio na mtu, akainama akae.

— Hapo usikae, mwaya.

Alikuwa Mama Pindo. Mkono wake ulikuwa umeshamshika mgeni kiwiko, na sauti yake ilikuwa laini, kama anayemzuia mtoto asiguse pasi ya moto.

Mgeni alisimama wima. Alitazama upande ule mtupu, watu watatu wangekaa kwa raha zao. Kisha akawatazama Breki, Wembe na Mama Pindo upande wa pili, mabega yamepandana kama vitabu kwenye sanduku.

— Pameloa?

— Hapana, alisema Wembe.

— Kuna mtu anakuja?

— Hapana.

— Sasa nani kakataza?

Breki aligeuza shingo. Akamtazama Wembe.

— Wembe ndiye aliyeniambia.

— Mimi? Wewe ndiye uliyeniambia, siku nafungua duka!

— Mimi nilikuta watu hawakai, alisema Hakimu.

— Basi hakuna aliyekataza, alisema mgeni.

— Yupo! Breki alikuja juu. Kama hayupo, tumebanana hapa kwa ajili ya nani?

Mama Pindo aliuachia mkono wa mgeni.

— Breki, angekaa ungefanyaje?

— Ningemwinua. Kwa heshima, lakini ningemwinua.

— Ningekusaidia, alisema Wembe.

Wote wakamgeukia Hakimu akate kauli. Hakimu akashika birika, akalitikisa, akasema kahawa imekwisha. Mgeni alikunywa yake akiwa amesimama, akashukuru, akavuka kwenda kwenye ukuta wake.

Mama Pindo alijiambia asogee upande ule, mara moja tu, aone. Nafasi ilikuwepo. Kulikuwa kweupe, na hakuna aliyemshika. Hakusogea. Ndipo ubaridi ukampita mgongoni, ubaridi uleule aliokuwa akiutafuta kwa mamba na kwa kicheko cha mtawala wake. Akainuka, akaingia ndani, akaketi kwenye meza ya cherehani na kalamu.

— Dada! Breki alichungulia mlangoni. Ile mikono mitano umeandika?

— Nimemwondoa mtawala.

— Mzima mzima? Na mamba?

— Na mamba. Nimebakiza kiti chake na watu wake.

— Kiti kitupu kitamtisha nani?

— Nenda ukakikalie, Breki, alisema Mama Pindo bila kuinua macho.

Breki aligeuka akalitazama benchi. Kisha akasema amekumbuka ana shughuli mjini.

Nawe ukiwasimulia wengine kisa hiki, mamba ukimsahau si neno, na ile mikono mitano iache. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: sauti iliyomkataza mgeni ilikuwa ya upole.