Gladys Mong'ina Nyasani na Siku za Utitiri

Gladys Mong'ina Nyasani alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Manga, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Okemwa na marehemu Mama Nyanchoka. Alisoma shule za karibu na nyumbani, na mwaka 1986 akapata stashahada ya kilimo. Jumapili tarehe 10 Desemba 1989 alifunga ndoa na Mwalimu Job Nyasani wa hapa Ogembo, wakajaliwa Orpah na Mose.

Kwa miaka thelathini na saba alikuwa afisa wa kilimo, akipanda na kushuka milima hii kwa miguu hata baada ya bodaboda kujaa.

Januari 2017 jirani yake, Mama Bosibori, alimwita aone nyanya zake ndani ya kivungulio, kile kibanda cha plastiki. Chini ya majani palikuwa na utitiri mwekundu, wadudu wadogo kama vumbi, wachache tu.

"Usihangaike," Gladys alimwambia. "Yai huchukua wiki tatu kuwa mdudu mzima. Nitarudi baada ya wiki mbili."

Hesabu hiyo ilikuwa ya baridi ya nje. Ndani ya plastiki jua lilichoma, na kwa joto lile yai hukomaa kwa siku nane. Aliporudi, majani yalikuwa yamekauka na kufunikwa utando. Msimu ulikwenda wote, na Marion, binti wa Bosibori, hakurudi kidato cha tatu kwa kukosa karo.

Hakuna aliyemshtaki. Alijishtaki mwenyewe. Tangu hapo alifuga utitiri nyumbani juu ya majani ya maharagwe: sahani moja stoo penye baridi, moja sebuleni, moja karibu na jiko, akihesabu mayai kwa lenzi. Mwalimu Job aliwaonya wageni, "Hiyo ya jikoni msiguse, hao ni wanafunzi wa mama." Wakulima wengi waliokoa mimea kwa hesabu zake. Lakini kwa Bosibori hakupita tena. Alizunguka njia ya juu.

Oktoba 2024 chakula kilianza kumkwama. Ilikuwa saratani ya koo. Tarehe 2 Juni 2025 Bosibori alifika wodini mjini Kisii, akamshika mkono.

"Mama Orpah, si wewe uliyeleta jua."

Sauti ilikuwa imeisha. Gladys aliomba kalamu, akaandika: "Ningepima joto." Bosibori akalia.

Gladys alitutoka siku tatu baadaye, saa nne asubuhi.

Ameacha mumewe, Mwalimu Job; watoto wake, Orpah na Mose; wajukuu watatu; na kaka yake Gibson, anayewasomea haya. Mungu ampe amani ambayo yeye hakujipa.