Mama Kipimo, Dada Aliyenisomea Rangi

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliosimama nasi hapa juani, familia imenituma mimi, seremala, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya dada yetu, nami nimekubali shingo upande, kwa sababu msomaji wa nyumba yetu alikuwa yeye, na sauti ikinikatikia njiani naomba mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1967, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, akiwa mtoto wa kwanza wa karani wa reli na mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1974, na ni miaka hiyo, mama alipokuwa akitutuma nyuzi za cherehani, ndipo dada alipogundua kwamba mimi nyekundu na kijani sizitofautishi, wala hakunitangaza, alianza tu kunitajia kwa sauti ya chini, uzi huu, shati lile, na hakuacha hadi tumeota mvi. Nilipotaka kusomea ufundi umeme alikataa katakata, akasema kwa macho yangu nitauunguza mtaa mzima, na wa kwanza kuungua nitakuwa mimi, basi nikashika randa, na makopo yote ya rangi karakanani kwangu aliyabandika karatasi za majina kwa mkono wake.

Alimaliza sekondari Novemba 1984, akahitimu chuo cha takwimu Juni 1989, na tarehe 2 Januari 1990 akaajiriwa katika ofisi ya takwimu za afya, ghorofa ya pili, meza ya dirishani, ambayo hakuihama tena. Tarehe 15 Agosti 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpima ardhi, mtu mpole ambaye mwenyewe husema hajui alipendewa nini, wakajaliwa binti mwaka 1994 na mvulana mwaka 1998.

Kazi iliyompa jina ilianzia nyumbani, Juni 2006, alipotuletea ramani ya malaria aliyoichora kwa kompyuta, nyekundu penye wagonjwa wengi, kijani penye wachache, akaitandaza mezani kwa furaha, tukampongeza, nami nikauliza mbona wilaya zote ziko sawa. Aliikunja ile ramani, chai yake ikapoa mbele yake, na baadaye aliniambia kwamba aliona aibu kuchora kitu ambacho mdogo wake mwenyewe hawezi kukisoma. Hapo ndipo alipoanza kuandika mwongozo wa kuweka kipimo cha rangi kwenye michoro ya takwimu, yaani ule mstari wa pembeni unaoonyesha rangi ipi ni kiasi gani, akieleza hatua kwa hatua, kwa lugha ya watu, kwamba rangi zianze hafifu ziende zikikolea, ili hata mwenye macho kama yangu aone panapozidi na panapopungua, kwamba mstari uandikwe namba na jina la kinachopimwa, na kwamba michoro miwili ikiwekwa pamoja itumie kipimo kimoja, la sivyo mmoja utausingizia mwingine. Kila alipoona mchoro usio na mstari huo aliuliza kipimo kiko wapi, awe aliyeuchora ni mkurugenzi au kijana wa mazoezi, ndipo wakamwita Mama Kipimo, na nasikia wapo waliokuwa wakimwona tu kwenye korido wanageuka mbio kwenda kurekebisha.

Alianza kuugua Oktoba 2022, na tarehe 11 Septemba 2023 nilimsindikiza kupimwa ini kwa mashine inayotoa picha ya rangi, yenye kipimo chake pembeni, na jamani, kilikuwa cha nyekundu na kijani, aina ileile aliyowakataza watu miaka yote. Aliitazama picha, akatazama kipimo, akatikisa kichwa kidogo, nami nilipomuuliza ni rangi gani akanijibu kwamba ni kijani, iko chini kabisa, nisiwe na wasiwasi. Nilimwamini, nikarudi karakanani napiga mluzi, nikamtengenezea kiti cha kuegemea. Januari daktari alinieleza kwamba tangu siku ile picha ilikuwa nyekundu tupu, kwamba dada aliisoma kabla hajaambiwa, na alimwomba asinisahihishe. Maisha yetu yote, hiyo ndiyo rangi pekee aliyonidanganya. Inaniuma sana, lakini miezi ile tulicheka kama kawaida yetu, na najua ndicho alichokitaka.

Alifariki Jumamosi tarehe 3 Februari 2024, asubuhi, mumewe na watoto wake wakiwa wamemshika mikono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliopika, mliofua na mliolala nasi sakafuni, na wafanyakazi wenzake wa ghorofa ya pili, ambao wametuahidi kwamba mwongozo wake wataendelea kuuandika kila kompyuta zinapobadilika.

La mwisho, jeneza hili nimelitengeneza mimi, na wapo walioniuliza leo mbona sikulipaka rangi. Rangi ipo, makopo yamejaa, ila zile karatasi zimechakaa kwa vumbi na mafuta, hazisomeki tena, na aliyekuwa akija kuniandikia nyingine ni huyu aliyelala hapa. Nilifungua kopo moja, nikafungua la pili, nikayatazama, nikayafunga.

Pumzika, dada yangu, kwa amani yote uliyotupa. Nimekuachia mbao kama zilivyo, hiyo rangi nina hakika nayo.