Mzee Chomoa Aweka Testa Chini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya vifaa vya nyumbani, fundi mkuu, tunayemjua sote kwa jina la Mzee Chomoa, anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo alijitakia mwenyewe. Hata ukimwuliza ni saa ngapi, atataka kwanza kujua kama umechomoa plagi.

Alianza na pasi, akapanda hadi friji na mashine za kufulia, kisha akakabidhiwa pia simu ya wateja. Mteja akilia kwamba friji imekufa, Mzee hakupokea tanzia hiyo kirahisi. Aliuliza kama taa ya ndani inawaka, kama mota inanguruma, kama kuna harufu ya kuungua. Halafu alimwomba achomeke taa ya mezani kwenye soketi ileile. Mama mmoja alikuwa ameshaagiza friji mpya, kumbe mgonjwa ni soketi. Siku hizi wateja wake wanajua kwamba fyuzi hukata umeme ukizidi na themostati huzima joto likitosha. Wanajua pia kwamba waya ukinuka, kazi yao ni kuzima swichi kuu na kuita fundi.

Sisi mafundi alituwekea sharti: usifungue kifaa kabla plagi yake haijalala mezani mbele ya macho yako. Tulimcheka, na mimi ndiye niliyeongoza kwa kicheko. Siku moja nilikuwa na mashine mbili za kufulia, zimekaa bega kwa bega, nyaya zote nyeupe. Nikachomoa, nikalaza plagi mezani, nikashika bisibisi. Mzee akaushika mkono wangu. Akaufuata ule waya kwa vidole, taratibu, hadi nyuma ya mashine. Ilikuwa ile nyingine. Niliyotaka kuifungua ilikuwa na umeme wake wote.

Nililia, wala sioni haya kusema. Hakunifokea; alinivutia kiti, akaniambia nikitulia nianze upya.

Mzee wetu, ahsante. Tunakuombea afya, mapumziko ya haki yako na nyumba yenye furaha. Jambo moja sikuwahi kukwambia: siku ile nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Binti huyo sasa ana miaka minane, na kadi utakayopewa leo ameiandika yeye.