Pindo, Aliyeikataa Dawa ya Tatu

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Pindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa seremala. Alitanguliza miguu, na mama alisema kuanzia siku hiyo hakufanya kitu kama alivyoagizwa.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1985. Huko shuleni aliifumua sketi yake mpya ya sare akaishona upya kwa sababu pindo lilikwenda upande. Jina likamganda.

Mwaka 1990 alifungua chumba cha ushonaji karibu na stendi. Mteja aliyesema "hata ikipinda kidogo si neno" alirudishiwa kitambaa chake.

Mwaka 1996 alifunga ndoa na fundi saa, mtu mpole, anayedai mpaka leo kuwa yeye ndiye aliyeposa. Walijaliwa binti mmoja.

Februari 2021 alipatikana na saratani ya titi, ile sugu isiyosikia dawa za kawaida. Hospitali ilikuwa inajaribu dawa mbili kwa pamoja, bila kujua kama zingefaa.

"Zisipofaa, mtajua?" aliuliza.

"Tutajua," daktari alimjibu.

"Basi niandikeni."

Nywele zilipomtoka, shangazi alikuja na chupa ya mizizi iliyochemshwa.

"Kunywa, mwanangu. Daktari ataambiwa na nani?"

"Shangazi, hapa zinapimwa dawa mbili. Hii ya tatu ikiingia, nani atajua ipi imenifanya nini?"

"Kwani unataka kupona au unataka kujua?"

"Vyote. Nikikosa kimoja, cha pili sikiachi."

Shangazi alinuna, lakini ndiye aliyemsindikiza kliniki tangu hapo.

Uvimbe ulinywea, naye akarudi kwenye cherehani kwa zaidi ya mwaka. Kisha ukaibukia kwenye mapafu. Mumewe alimsihi aache kipimo cha mwisho, maana hakikuwa na cha kumsaidia tena. Akamwambia, "Nguo haitoki kwangu bila pindo. Nibebe." Akabebwa, akapimwa. Alifariki nyumbani tarehe 9 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Daktari wake, aliye nasi hapa, ametuambia kuwa majibu ya Pindo yamewekwa pamoja na ya wagonjwa wenzake, yote, bila pengo. Wanawake watakaofuata wataanzia pale alipoishia yeye.

Ameacha mume, binti, mjukuu, kaka, mdogo wake wa kike, na shangazi, aliyeomba isomwe mbele yenu kwamba ile chupa aliimwaga kwa mkono wake mwenyewe.

Dada, pindo limekaa. Lala kwa amani.