Pikipiki ya Gedion Chome na Waliofundishwa Kuiwasha

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani zetu Wakristo kwa Waislamu, wafiwa wenzangu, na wewe Bwana Onesmus uliyeketi mstari wa pili na mguu wako umeunyoosha, wakubwa nawaambia shikamooni, na wadogo marahaba hata kabla hamjaniamkia. Mimi ni Gilbert, mdogo wake marehemu, yule aliyepika kwenye meli mpaka nywele zikaisha, akafika Karachi, Durban na Rotterdam, akarudi Bongwe na kikohozi, sufuria moja na hadithi ambazo hakuna anayeziamini. Familia imenichagua nisome kwa sababu nina sauti kubwa, si kwa sababu nina busara, kwa hivyo mjue maneno haya ni ya familia nzima ila hasira iliyomo ni yangu.

Marehemu Gedion Chome alizaliwa tarehe 9 Mei 1938 huko Mgange, Taita, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1946 hadi 1953, na huko ndiko alikoifungua saa ya mwalimu mkuu ili aone inavyokwenda, akachapwa viboko mbele ya shule nzima, na saa ikaendelea kwenda vizuri kuliko mwanzo.

Mwaka 1956 aliteremka pwani akaajiriwa gereji ya shamba la miwa upande wa Ramisi, akafanya kazi huko hadi 1972 alipochukuliwa na hoteli moja ya Diani kuangalia jenereta na pampu za maji, kazi aliyostaafu tarehe 31 Desemba 1993. Ni kule shambani, Juni 1966, ambako Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia pikipiki aina ya BSA ya mwaka 1951, ambayo wakati huo ilikuwa stoo na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti chake. Ndiyo ile pale, chini ya mkorosho, mnaiona.

Tarehe 19 Desemba 1964 alifunga ndoa na Bi Jumwa binti wa Mzee Kalama, wa Kinango, na Mungu akawajalia watoto watatu, Viola mwaka 1966, Mramba mwaka 1969 na Joan mwaka 1974. Watoto hawa wamekua wakijua kwamba nyuma ya jiko la mama yao kuna banda la makuti ambalo baba anaingia akitoka kazini, na kwamba akiwa humo hujibu neno lolote kwa "ee" bila kusikia ulichosema, na Joan aliwahi kuitumia hiyo kuomba ruhusa ya kwenda disko.

Banda hilo ndilo lililokuwa maisha yake. Chumvi ya bahari inakula chuma hapa kwetu kama mchwa, naye kila jioni aliipangusa pikipiki kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, kuanzia taa ya mbele hadi mnyororo, mpaka ikawa inanukia kama bibi harusi. Kiti kilipochanika alikishona upya kwa ngozi ya mbuzi wa Krismasi, bomba la moshi lilipotoboka alikata lingine kutoka vyuma chakavu vya shambani, na mpira wa kupitishia petroli alipewa na nahodha Haji wa Mwabungo, uliotoka kwenye injini ya mashua yake. Bi Jumwa ndiye aliyekuwa akimshikia taa, na mtu akishika taa miaka thelathini anaona mengi.

Sasa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo historia ya marehemu inapokutana na ya mtu aliye hai. Mwaka 1984 wezi walijaribu kuondoka na pikipiki hiyo uani mwa kanisa, ikawazimikia getini, na kuanzia siku hiyo marehemu akaibadilisha kwa mikono yake. Kwenye usukani pana kijiti cha chuma cha kuwahisha au kuchelewesha moto wa plagi, na yeye alikigeuza, akageuza na kitu kingine, ambacho sitakitaja kwa sababu anayehitaji kukijua yupo hapa. Ukipiga kiki bila kufundishwa, kiki inarudi juu kwa nguvu na kukutandika muundi wa mguu.

Kwa hiyo akaweka sharti, na sharti hilo linajulikana Bongwe nzima, kwamba hakuna mtu anayekabidhiwa pikipiki yake kabla hajafundishwa kuiwasha. Mchungaji aliyekuwa hapa mwaka 1986 alipoiazima kwenda kufungisha ndoa Vanga, na barabara ya Vanga mnaijua, alifundishwa wiki nzima. Agosti ya mwaka jana, wakati wa vurugu za kuwafukuza watu wa bara, tulipofungasha vitu tuondoke na kila mtu akihema, marehemu alimpelekea Mzee Ishak pikipiki amfichie kwenye banda lake la nazi, akasimama pale kumfundisha na sisi tunamvuta shati, mpaka mzee mwenyewe akaiwasha ndipo tukaondoka. Mimi, ndugu yake wa tumbo moja, nilifundishwa mwaka 1991, nikashindwa, nikanyimwa, nikaenda harusini Mwabungo kwa miguu na suti yangu ya Rotterdam.

Mwezi wa pili mwaka huu marehemu alianza kuugua figo, akatibiwa Msambweni na Mombasa, na mwezi wa saba alipolazwa tena, Bwana Onesmus, jirani yetu tangu 1989, tuliyekula naye na kuimba naye kwaya, alifika nyumbani na pikapu, akamwambia Bi Jumwa kwamba ametoka kumwona mgonjwa, na kwamba mgonjwa amempa pikipiki iwe yake. Bi Jumwa alimwamini, kwa sababu wakati huo bado alikuwa mtu wa kuaminika. Kumbe kuna mtalii Diani anayekusanya pikipiki za zamani, na alikuwa amekwisha kuahidiwa.

Tulipomwuliza marehemu kitandani, hakuwa amempa mtu chochote. Mramba alitaka kwenda huko usiku ule ule, mimi nikatafuta rungu ambalo sijui hata kulishika, marehemu akatukataza, akasema, "Msimguse. Mwacheni aiwashe." Tukadhani ni homa.

Haikuwaka. Mafundi wa Ukunda waliitwa mmoja baada ya mwingine, mtalii akasubiri hadi likizo ikaisha akapanda ndege yake, na mwezi uliopita Bwana Onesmus akatokea kanisani na mguu wa bendeji, akisema ameteleza bafuni. Bafu la Bwana Onesmus nalijua, sakafu yake ni mchanga. Kisha akamjia Bi Jumwa kwa sauti ya pole kuuliza kitu kile kinawashwa vipi, naye akamjibu, "Baba Viola alikupa pikipiki akasahau kukupa na kiki?"

Hayo tungeyacheka yakaisha. Lakini wiki mbili kabla ya kufa, marehemu aliomba kitu kimoja tu, aisikie pikipiki yake ikinguruma nje ya dirisha, na Bi Jumwa akaenda kwa Bwana Onesmus kuiomba kwa siku moja, akaambiwa mali ya mtu haiazimwi ovyo. Kaka yangu alifariki nyumbani alfajiri ya Jumapili tarehe 8 Novemba 1998, akiwa na umri wa miaka sitini, bila kuisikia. Hilo silicheki.

Jumatano nilikwenda kwa Bwana Onesmus kwa unyenyekevu wote, na wanaonijua wanajua ni mdogo, nikamsihi ailete pikipiki leo kwa heshima ya marehemu. Alikubali, akaileta kwa pikapu, na ameipangusa vizuri. Ahsante.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, wenzake wa hotelini waliotoa damu, nahodha Haji aliyeleta samaki bila kuulizwa, Mzee Ishak na mkewe Bi Tumu waliopika tangu Jumapili na wao wenyewe hawajaonja hata chai, kwaya, na waliochimba kaburi kwenye mwamba huu wa matumbawe.

Kabla hatujalibeba jeneza, wazee wa kanisa na wazee wa mtaa wameafikiana jambo moja. Aliyepewa pikipiki na Gedion Chome alifundishwa kuiwasha, kwa hiyo Bwana Onesmus ataiwasha hapa mbele yetu, na ikiwaka ni yake, tutamsindikiza kwa nyimbo hadi barabarani. Isipowaka, ataiwasha Bi Jumwa, na wale ambao tangu asubuhi mnajiuliza kwa nini mjane amevaa buti za mumewe chini ya leso, sasa mmejua. Petroli imo, nimeitia mwenyewe.

Kaka, umeletwa karibu na mkorosho kusudi usikie. Wewe pumzika kwa amani. Bwana Onesmus, tafadhali simama.