Jina Kwenye Benchi la Mbele

Sikilizeni wanangu, na wewe Stella weka kwanza huo uji, nitakunywa nikimaliza. Padre amenipaka mafuta asubuhi na dhambi zangu nimemwambia zote, lakini hii moja nataka muisikie kwa masikio yenu, kwa sababu ninyi ndio mtakaonisaidia kuitengeneza.

Mashamba ya huku Mgeta siwezi kuwagawia. Ni ya ukoo wa mama yangu, na kwa desturi yetu Waluguru yanakwenda kwa watoto wa dada yangu Ester. Msije mkagombana nao hata kwa tuta moja la kabichi. Nyumba ya Kihonda niliijenga mwenyewe, hiyo ni yenu. Mali imeisha hapo. Nililowaitia ni lile benchi.

Mnalijua, la mbele kabisa pale kigangoni, lenye jina langu. Juu ya chemchemi ya mama palikuwa na msitu mdogo wa ukoo ambamo wazee walifanyia matambiko, na mimi nilipochaguliwa mwenyekiti wa kigango, damu bado inachemka, nikasema ile ni miungu ya uongo, lazima iondoke. Ester alinisihi sana. "Kaka, matambiko tutayaacha, hata mimi nimebatizwa, lakini hiyo miti inatunza maji ya mama." Sikumsikia. Nikaufyeka ule msitu, nikauangusha na mkangazi mkubwa kuliko yote, nikapasua mbao za mabenchi ya kanisa, watu wakanipigia vigelegele, na lile la mbele nikalichonga jina langu kwa patasi, herufi kubwa, nikalipaka vanishi mpaka likang'aa. Mwaka wa tatu chemchemi ikakauka, na mama akazeeka akipanda na kushuka kufuata maji mtoni. Hakunisema hata siku moja. Afadhali angenisema.

Miaka arobaini nimelikalia benchi lile. Nikimkuta mtu amekaa pale, misa yote inaniharibikia, siisikii Injili, nakitazama kisogo chake tu. Basi siku ya kumzika mama, Ester aliingia mapema, miguu imevimba kwa kukesha na maiti, akakaa kwenye benchi lile, karibu na jeneza. Nami, mbele ya mama yetu amelala pale, nikamgusa bega nikamwambia, "Hapa pana mwenyewe." Akainuka bila kubisha, akasimama mlangoni mpaka mwisho. Huu ni mwaka wa tisa, hajakanyaga kanisani wala kwangu.

Najuta, wanangu. Nilijiona nimevunja sanamu za wazee, kumbe nilikuwa nachonga ya kwangu, tena ndani ya kanisa, na kila Jumapili naiabudu nikiwa nimeikalia. Richard, juzi mwanao aliparuza gari lako kwa baiskeli, nikasikia jina ulilomwita. Stella, picha ya nabii wako umeibandika mlangoni, na bila ile chupa ya mafuta yake huthubutu kusafiri hata hadi Dumila. Siwacheki, mimi ndiye fundi mkuu wa kazi hiyo. Ila nimechelewa kuitambua, ninyi msichelewe: sanamu ni kile kitu ambacho mtu akikigusa, unasahau kwamba yeye ni mtu.

Sasa fanyeni hivi. Richard, chukua randa ulipige lile benchi mpaka jina liishe, kwa mkono wako, usimwachie seremala. Stella, nyuma ya jiko kuna miche ya mkangazi kwenye makopo, nimeiotesha mwenyewe. Kaipandeni juu ya chemchemi, lakini ombeni ruhusa kwanza kwa shangazi yenu, mahali ni pake. Mimi sitayaona hayo maji. Siku ya kunizika, asiwepo mtu wa kupanga nani akae wapi.

Nipeni maji kidogo... basi, yatosha. Nimemtuma binti wa Ester, Happiness, mara mbili amwite mama yake. Akikataa, msimlaumu. Mungu awabariki, wanangu, awape mioyo... laini kuliko huu wangu. Awalinde na... pumzi hii...

Nani anapiga hodi? Fungueni. Ni Ester?

Pita, dada yangu, pita.

Richard, baba, inuka hapo kitandani. Inuka. Mpishe shangazi yako akae.